Nauli ya Kurudi

Msomaji wangu, ukisikia habari za mayaya na mawakala wanaowatafutia kazi, pengine utauliza, hiyo nayo ni historia gani? Historia ni Vita vya Maji Maji, ni Wareno na Waarabu, ni Uhuru. Habari ya nani kambeba mtoto wa nani na iishie jikoni. Hata mimi nilikuwa na mawazo hayohayo, mpaka dada yangu alipolala stendi ya Ubungo siku mbili akiwa na shilingi elfu tatu mfukoni.

Ilikuwa mwaka 2014. Mimi nilikuwa kidato cha pili kwetu wilayani Manyoni, na dada alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumkubali. Akaja kijijini mtu mmoja mwenye simu mbili na maneno laini. Ati ana ofisi Dar es Salaam, ati wasichana wake wote wako ushuani, wanakula kuku kama sisi tunavyokula mlenda. Mama akamwuliza, "Na akishindwa kazi, baba, atarudije?" Yule bwana akacheka. "Mama, hakuna aliyewahi kutaka kurudi." Nasi sote tukacheka pamoja naye. Leo nikikumbuka kile kicheko naona haya.

Ofisi yenyewe dada alikuta ni chumba kimoja chenye benchi, meza na daftari kubwa. Picha mbili za pasipoti, jina, kabila, dini, umri. Akasaini karatasi ambayo hakupewa nakala yake. Mshahara ulitajwa elfu hamsini kwa mwezi, ila miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya wakala: mmoja kwa ajili ya nauli aliyomletea, mwingine kwa ajili ya "usumbufu". Kwa hiyo dada aliingia katika nyumba ya watu akiwa na deni kabla hajaosha hata kijiko. Wiki ya saba mtoto akaanguka kitandani, akavimba paji la uso. Mama mwenye nyumba akasema, "Dada, chukua vyako." Saa moja usiku! Alipompigia wakala, simu zote mbili zilikuwa hazipatikani.

Aliyemwokoa ni mama ntilie mmoja wa pale stendi, wakati ule mabasi ya mikoani yalikuwa bado Ubungo kabla hayajahamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021. Alimwona siku ya pili amekumbatia begi lake, akamwambia, "Mwanangu, hapa hapalaliki bure. Njoo unisaidie vyombo." Dada akaosha sahani siku tisa, akapata nauli ya Manyoni.

Tangu nimalize shule nimekuwa na tamaa ya kuandika riwaya juu ya siku zile. Nimeianza mara tatu, na mara tatu nimechana. Kila nikimweka yule wakala kwenye karatasi anatoka shetani mwenye mapembe, na shetani wa namna hiyo hasadikiki hata na mtoto. Nikaona kwanza nijue: hii kazi ya kusimama katikati ya yaya na mama wa mtoto imetoka wapi? Na binti anayeingia katika ofisi ya wakala ana haki ya kutegemea nini? Ndipo nikaingia kwenye vitabu.

Tuanze na neno lenyewe. Yaya, kama maneno mengine mengi tunayojivunia kuwa yetu, lilikuja kwa meli. Asili yake inatajwa kuwa ni neno la Kireno, aia, yaani mwanamke mlezi. Wareno walilipeleka India, Wahindi wakalishika, Waingereza waliotawala India wakaliandika ayah, na huku kwetu likakaa kama tunavyolijua. Kwa hiyo kila mtoto wa Mombasa anayelia "Yaya!" anaita kwa neno lililozunguka nusu ya dunia.

Na wenye jina hilo walizunguka vilevile. Waingereza waliokuwa India walikuwa wakirudi kwao na wake zao na watoto wao. Safari ya kuizunguka Afrika ilikuwa ya miezi, na hata Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 bado ilikuwa ya wiki kadhaa. Nani ambebe mtoto anayetapika baharini usiku na mchana? Yaya. Akapandishwa melini, akalea mpaka London.

Shida ilikuwa gatini. Mtoto akishafika kwa bibi yake, yaya hana kazi tena. Familia nyingine zilimkatia tiketi ya kurudi kama zilivyoahidi. Nyingine zilimwacha palepale, katika mji wa baridi asioijua hata njia yake. Zamani, Kampuni ya East India ilikuwa ikiwataka mabwana waweke dhamana kabla ya kumsafirisha mtumishi, ili akitupwa kuwe na fedha ya kumrudisha. Utaratibu ule baadaye ukalegea, ukafa. Rozina Visram, mwanahistoria aliyeandika juu ya watu hawa katika kitabu chake cha mwaka 1986, ndiye aliyewatoa wengi wao katika giza la makabrasha. Miongoni mwa habari zilizobaki kuna ya yaya mmoja wa Kihindi aliyeachwa mwaka 1908 katika stesheni ya King's Cross, London, akiwa na pauni moja mkononi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. King's Cross na Ubungo, miaka 106 katikati, na ni begi lilelile! Nikajua kwamba yule bwana wa simu mbili hakuwa shetani wa kwanza wala wa pekee. Alikuwa mtu aliyekuta njia iliyokwisha kulimwa.

Lakini London hiyohiyo ilikuwa na kitu kingine. Ilikuwapo nyumba iliyoitwa Ayahs' Home, yaani Nyumba ya Mayaya, kwanza upande wa Aldgate, na mwaka 1900 ikahamia mtaa wa King Edward's Road, Hackney. Iliendeshwa na wamisionari wa London City Mission. Watu wengi wanaisema kama nyumba ya huruma tu. Mimi naisema kuwa ilikuwa pia wakala wa ajira, na jinsi ilivyofanya kazi inafaa tuielewe vizuri.

Familia iliyomleta yaya ilikabidhi tiketi yake ya kurudi kwa Nyumba. Nyumba ikaanza kutafuta familia nyingine inayokwenda India na inayohitaji mlezi wa safarini. Ikipatikana, familia ile mpya iliinunua tiketi kwa Nyumba, na fedha hiyo ndiyo iliyolipia kitanda na chakula cha yaya siku zote alizokuwa akingoja. Yaya akaondoka na kazi mkononi, njia ileile ya nyumbani. Umeona, msomaji? Mtaji wa wakala ulikuwa tiketi ya kurudi. Wakala hakuweza kuishi bila tiketi hiyo kuwapo, na ikiwapo, yaya alikuwa na njia.

Sisemi ilikuwa pepo, la hasha. Wamisionari walikuwa wakiwahubiria wanawake wa Kihindu na wa Kiislamu ambao hawakuja kwa ajili ya mahubiri. Tiketi haikuwa mkononi mwa yaya mwenyewe, ilihama kutoka kwa bibi mmoja kwenda kwa mwingine kupitia mezani kwa wengine. Na wale ambao familia zao hazikuacha tiketi yoyote walibaki wakitegemea hisani. Hata hivyo wapo waliojua kuitumia njia ile kama wenye kazi yao. Bi Antony Pareira alisema ameivuka bahari kati ya India na Uingereza mara 54! Huyo si wa kuonewa huruma, huyo ni fundi. Mwaka 2022 nyumba ile ya Hackney iliwekewa kibao cha kumbukumbu ukutani.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Tanganyika, wakati wa wakoloni, kazi za ndani zilikuwa zaidi za wanaume. Boi, mpishi, dobi: wote wanaume, hata waliofua nguo za watoto. Nao hawakuwa mabubu. Mwaka 1939 wapishi, madobi na maboi wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao, na Desemba 1956 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini waligoma. Wazungu wakapika wenyewe.

Mawakala wakubwa wa siku zile hawakutafuta walezi, walitafuta watu wa mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Mawakala wake walikwenda mpaka Kigoma na Nyanda za Juu Kusini, wakawakusanya vijana, wakawapa namba, na ndiyo maana tukawaita manamba. Walisafirishwa kwa malori na treni, wakalazwa makambini njiani. Mateso ya manamba tumeyasoma shuleni sote. Mkataba ule ulimfunga mtu, na sheria ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi ilifanya kuiacha kazi kuwa kosa la jinai. Lakini hebu tazama jambo moja linaloumiza: aliyelipa gharama za wakala alikuwa mwenye shamba, na manamba aliyemaliza mkataba alikuwa na haki ya kurudishwa kwao. Mkoloni, pamoja na roho yake yote ile, aliandika nauli ya kurudi katika karatasi. Yule wakala wa dada hakuandika.

Imekuwaje? Nadhani jibu ni hili. Baada ya Uhuru, boi alipoondoka na bwana wake, nafasi yake ikashikwa na msichana, na msichana hakuja kwa mkataba, alikuja kwa undugu. Shangazi wa Dar es Salaam alituma salamu Iringa au Singida: nitafutieni binti wa kunisaidia, nitamsomesha cherehani. Aliyemleta alikuwa mjomba au mama mchungaji. Hapakuwa na ada, maana ndugu hadai ada kwa ndugu. Hapakuwa na mshahara wa maana pia, maana nani analipwa kwa kukaa kwa shangazi yake? Binti akaitwa "dada" na kila mtu, mpaka baba mwenye nyumba. Jina zuri, lakini lilifunika mengi. Hata hivyo mambo yakiharibika, kijiji kilijua ni nani wa kumwuliza. Mjomba aliyemchukua mtoto wa watu ilimlazimu amrudishe, la sivyo asingepita tena njia ile.

Mji ulipokua, wanawake wengi wakaenda maofisini na sokoni, undugu haukutosha tena. Mahali pa mjomba akaingia dalali, na mahali pa dalali akaingia wakala mwenye meza na mhuri. Wakala akachukua kazi ya mjomba, asichukue dhamana ya mjomba. Akachukua ada kama SILABU, ila akaitoza kwa binti badala ya tajiri. Hapo ndipo palipooza.

Tena jambo hili limevuka bahari kama zamani. Wasichana wa Zanzibar na wa bara wanakwenda Oman na Falme za Kiarabu kulea na kufanya kazi za ndani, na mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ya mahojiano na wanawake wa Kitanzania hamsini waliofanya kazi huko. Wengi walisema pasipoti zao zilichukuliwa. Na wapo waliotaka kuondoka wakaambiwa warudishe kwanza gharama alizolipa tajiri kuwaleta. Ni ileile: mlango wa kuingilia ni wa bure, wa kutokea una bei.

Je, ina maana mawakala wote wafukuzwe? Wapo watakaosema hivyo, lakini mimi sisemi. Binti wa Manyoni asiyemjua mtu Dar es Salaam anahitaji mtu wa katikati, na mama anayekwenda kazini alfajiri anahitaji kujua anamwachia nani mwanawe. Kazi ya wakala ni kazi ya haki. Dunia nayo imekwisha kuiandikia masharti. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, kwa mlango wa mbele wala wa nyuma, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa sababu maalumu. Mkataba Namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, unataka ada ya wakala isikatwe katika mshahara wao. Hapa kwetu ipo sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, inayomtaka wakala asajiliwe, na kanuni zake za mwaka 2014 zilitenganisha wakala na mwajiri. Mwaka uleule wa 2014! Maneno yalikuwa yanapigwa chapa Dar es Salaam, na dada anapigwa bumbuwazi Ubungo.

Kwa hiyo wewe binti, au wewe kaka unayemsindikiza dada yako stendi, ukiingia katika ofisi ya wakala usiangalie kapeti. Uliza amesajiliwa na nani, uone cheti. Uliza nani anamlipa. Akikuambia wewe, au mshahara wako, shika begi lako. Dai mkataba wenye jina la mwajiri, mahali pa kazi, kazi yenyewe, saa, siku ya mapumziko na mshahara, nawe upewe nakala. Mshahara nao una sakafu yake: amri ya mwaka 2013 ilimpa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 40,000 kwa mwezi, na ile ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, ikasema 60,000, na zaidi kwa asiyelala hapo au anayefanya kwa mabalozi na matajiri wakubwa. Amri hizi hubadilika, basi uliza ya mwaka huo ulionao. Chama cha CHODAWU, ambacho wafanyakazi wa majumbani wana haki ya kujiunga nacho, kinazijua. Na wakala mwema atapiga simu baada ya wiki mbili kuuliza unaendeleaje, kwa sababu jina lake liko katika mkataba pamoja na lako.

Halafu uliza swali la mama yangu. Atarudije?

Nilikuwa nadhani swali lile halina jibu katika sheria. Siku moja, nikitafuta habari za likizo, nikaifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 43, kwa hesabu ya ilipopitishwa, kinasema hivi kwa maneno yangu: ajira ikikoma mahali ambapo si pale mtu alipochukuliwa, mwajiri amrudishe yeye na mizigo yake mpaka alikochukuliwa, au ampe nauli isiyopungua ya basi mpaka stendi iliyo karibu na kwao, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku atakazokuwa akingoja kusafirishwa. Na je, mwajiri akisema "mimi sikumchukua kijijini, alinileteeni wakala"? Sheria imemwona huyo mapema. Kuchukuliwa na wakala wa mwajiri ni sawa na kuchukuliwa na mwajiri.

Ina maana usiku ule, saa moja, mama mwenye nyumba alipomwambia dada achukue vyake, miongoni mwa vyake ilikuwamo nauli ya Manyoni. Ilikuwa yake kwa sheria ile ya mwaka 2004. Hakuna aliyemwambia: si wakala, si tajiri, si sisi tulioacha kuuliza baada ya kicheko kimoja.

Dada sasa anaishi Dodoma. Ana genge la mbogamboga na mtoto wa miaka miwili. Nilipokwenda kumsomea kifungu kile alisikiliza huku akifunga mafungu ya mchicha, akaniambia nirudie pale pa stendi. Nikarudia. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe zile sahani niliosha bure."

Mwaka jana alimchukua binti wa kumlelea mtoto, kutoka vijiji vya kwetu. Hakupitia kwa wakala, ila alimwandikia mkataba katika karatasi mbili za daftari, moja yake, moja ya binti. Siku ile ya kwanza kabla ya kumwonyesha jiko alimpa bahasha. Binti akadhani ni mshahara wa mbele, akaanza kushukuru.

"Usishukuru," dada akamwambia. "Hiyo ni ya kurudia. Kaa nayo wewe mwenyewe, nisijue unakoiweka."

Nimeianza tena ile riwaya, mara ya nne. Safari hii naanzia kwenye bahasha.